Chupa Moja Tu: Somo kwa Wanaoendesha na Wanaobebwa



Somo la mwezi huu tumelitayarisha kwa waendesha boda boda, kwa madereva wa magari, na kwa kila mtu anayepanda nyuma yao. Yaani ni somo la sisi wote. Hapa kwetu hakuna mtu asiyebebwa. Mama mjamzito anabebwa usiku kwenda kituo cha afya, mtoto anabebwa kwenda shule, mahindi yanabebwa kwenda sokoni, na hata wazee wa kanisa wanabebwa kwenda kutembelea wagonjwa.

Tunajua kwamba wasomaji wa jarida hili wametoka katika makanisa mbalimbali, na juu ya pombe kila kanisa lina fundisho lake. Wako ndugu wasioigusa kabisa, na wako wanaosema kwamba kunywa kwa kiasi si kosa. Leo hatuamui neno hilo. Tunauliza swali lingine: mtu aliyekunywa kidogo, ambaye hajalewa, anaweza kuendesha sawasawa kama yule ambaye hakunywa? Wengi wetu tunajibu "ndiyo" bila kufikiri. Tunaomba msomaji afuatane nasi taratibu, kusudi aone kwa nini jibu hilo si kweli.

1. "Kidogo" ni kiasi gani?

Kwanza tupime. Chupa ya bia ya mililita 500, yenye nguvu ya asilimia 5, ina kileo halisi cha gramu 20 hivi. Waragi wa dukani wenye nguvu ya asilimia 40 ni mkali mara nane kuliko bia hiyo. Basi mililita 60 za waragi, ambazo hazijazi hata nusu ya kikombe kidogo cha chai, zina kileo karibu sawa na chupa nzima ya bia. Chupa ndogo ya waragi ya mililita 200 ni sawa na bia tatu na zaidi. Mtu anayeiweka mfukoni na kusema "ni kachupa tu" amebeba bia tatu.

Na vinywaji vya nyumbani je? Kasiksi, mandale, tonto, munanasi, lutuku, kanyanga: hivyo havina karatasi ya kuonyesha nguvu yake. Mama mmoja anapika laini, mwingine anapika kali. Kilichokaa siku mbili si sawa na kilichokaa siku tano. Kwa hiyo mtu anayesema "nimekunywa kikombe kimoja tu cha kasiksi" amehesabu vikombe, lakini kileo hakukihesabu.

Wataalamu wanapima kileo kilichoingia katika damu, kwa miligramu katika kila mililita 100 za damu. Mwanaume wa kilo 65 akinywa bia moja ya mililita 500 kwa haraka, damu yake inafika miligramu 40 hivi, hata 45. Mwanamke wa kilo 55 akinywa chupa hiyo hiyo anapita 60, kwa sababu uzito wake ni mdogo na mwili wake una maji machache ya kuchanganyika na kileo. Kijana mwembamba naye anapanda juu kuliko mzee mnene. Na wengi wa vijana wetu wa boda boda ni wembamba.

2. Kileo kinafanya nini mwilini?

Kileo hakisagwi kama ugali. Kinapita haraka kwenye kuta za tumbo na utumbo, kinaingia katika damu, na baada ya dakika chache kimefika kwenye ubongo. Kilele chake kinakuja kati ya nusu saa na saa moja na nusu baada ya kunywa. Neno hili ni la muhimu kwa dereva. Mtu anaweza kumaliza kikombe chake, akasimama, akajiona yuko sawa kabisa, akawasha pikipiki. Kilele kinamkuta njiani, pamoja na abiria wake.

Je, ni nini kinachoanza kuharibika? Si miguu, wala si ulimi. Hivyo vinaharibika baadaye, na ndivyo tunavyovitazama tunaposema mtu amelewa. Kinachotangulia ni mambo ambayo hayaonekani kwa nje:

(a) Damu ikiwa na miligramu 20 tu, jicho linaanza kufuata vibaya kitu kinachotembea. Tena ubongo unashindwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Na kuendesha ni mambo mawili na zaidi: unatazama shimo, unasikiliza lori nyuma yako, unaona mbuzi pembeni, huku abiria anakuambia mahali pa kukata kona.

(b) Ikifika 50, mikono na macho havifanyi kazi pamoja vizuri, usukani unakuwa mgumu kuongoza, na jambo la ghafla likitokea mtu anachelewa kujibu.

(c) Ikifika 80, mtu anashindwa kutunza mwendo wake, anasahau mambo ya dakika iliyopita, na akili yake haipambanui hatari upesi.

Kuchelewa kidogo ni kitu gani? Tufanye hesabu. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa inapita mita 11 kila sekunde. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kushika breki, pikipiki imekwenda mita 5 na zaidi kabla ya breki kuanza kazi. Mtoto aliyeingia barabarani mita 5 mbele hatakuwa na nafasi.

Na kuna jambo la nne, ambalo ndilo kiini cha somo hili. Kileo kinagusa mapema sehemu ya akili inayohukumu. Ile akili ambayo tungeitumia kujiuliza "je, niko sawa?" ndiyo iliyoguswa. Kwa hiyo mnywaji anapojipima, anajipima kwa mizani iliyoharibika. Anajisikia mwepesi, hana woga, anaona anaendesha vizuri kuliko kawaida. Hasemi uongo anapotuambia yuko sawa. Ndivyo anavyojiona kweli.

3. "Hakuwa amelewa"

Katika kazi yetu ya uchungaji tumeitwa mara nyingi kwenye nyumba zilizopatwa na ajali. Tunakumbuka kijana mmoja, baba wa watoto wawili, aliyekuwa akirudi na abiria jioni kutoka kwenye sherehe ya mahari. Pikipiki iliacha barabara kwenye kona. Yeye alikufa palepale, na mama aliyekuwa amembeba alivunjika mguu, akakaa miezi bila kulima shamba lake. Kwenye matanga watu walibishana. Wengine walisema, "Ni pombe." Wenzake wa steji wakakataa kwa uchungu: "Tulikuwa naye. Alikunywa kikombe kimoja tu. Hakuwa amelewa."

Wenzake walisema kweli. Hakuwa amelewa. Hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kwamba kikombe kile ndicho kilichomtupa kwenye kona, wala sisi hatumhukumu marehemu. Lakini lile neno la kumtetea, "hakuwa amelewa", tulitazame vizuri. Sisi tunafikiri kuna watu wa aina mbili, mlevi na mzima, na asiye mlevi basi ni mzima. Mwili haujui mstari huo. Kati ya mzima na mlevi kuna njia ndefu, na kila kikombe ni hatua katika njia hiyo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

4. Watu waliopima barabarani

Mtu anaweza kusema haya ni maneno ya wachungaji wasiopenda pombe. Basi tusikie watu ambao si wachungaji. Nchini Marekani alikuwako polisi aliyeitwa Robert Borkenstein, ambaye mwaka 1954 alitengeneza mashine ya kupima kileo kwa pumzi ya mtu. Baadaye akawa mwalimu wa chuo kikuu cha Indiana. Mwaka 1962 na 1963, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, yeye na wenzake walipima karibu madereva 6,000 waliokuwa wamepata ajali. Kisha walipima madereva wengine zaidi ya 7,000 ambao hawakupata ajali, wakipita mahali pale pale, siku na saa za namna ile ile. Hivyo waliweza kulinganisha.

Matokeo yalitolewa mwaka 1964. Yalionyesha kwamba kuanzia miligramu 40 hivi hatari ya ajali inaanza kupanda, na kupita 80 inapanda upesi sana. Hesabu hizo zilikuwa na jambo moja la ajabu: wenye kileo kidogo kabisa, chini ya 40, walionekana kana kwamba wana ajali chache kuliko wasiokunywa. Wapenda pombe walifurahi. Lakini watafiti walipochunguza tena waliona kwamba makundi yale hayakuwa ya watu walio sawa. Katika kundi la wasiokunywa walikuwemo vijana wengi wasio na uzoefu na wazee wengi, ambao hupata ajali hata bila pombe.

Utafiti mwingine ulifanyika Long Beach, California, na Fort Lauderdale, Florida, na ukatolewa mwaka 2005. Huo ulirekebisha tofauti za namna hiyo. Nao ulikuta kwamba hatari imepanda wazi kati ya miligramu 40 na 50. Kumbuka, msomaji, tulisema bia moja inamfikisha mwanaume wa kilo 65 wapi. Ni hapo hapo.

5. Sheria inasemaje?

Hapa Uganda kipimo kinachojulikana cha sheria ni miligramu 80. Wengi wamesikia habari za "kawunyemu", jina ambalo watu wamelipa zoezi la polisi la kupima pumzi za madereva usiku. Nchi nyingine zimeweka mstari chini zaidi. Norway ilikuwa ya kwanza duniani kuweka kipimo cha namna hii, mwaka 1936, nayo iliweka 50. Tangu mwaka 2001 ni 20. Sweden iliteremka mpaka 20 mwaka 1990, na Japan mpaka 30 mwaka 2002. Shirika la Afya Duniani linashauri kipimo kisipite 50 kwa madereva wote, na kisipite 20 kwa vijana na wale walioanza kuendesha karibuni.

Tunajifunza nini? Kwamba mstari wa sheria ni mahali ambapo adhabu inaanza. Si mahali ambapo hatari inaanza. Mtu mwenye 70 anaweza kuachwa na polisi wa Uganda, na angekamatwa Norway, lakini ubongo wa mtu wa Norway na wetu ni ubongo mmoja. Barabara haiulizi sheria ya nchi.

6. Barabara zetu na hali yetu

Hayo yote yalipimwa kwa watu wa magari, katika barabara za lami zenye taa. Sisi hali yetu ni ngumu zaidi, kwa sababu tatu.

Kwanza, pikipiki haisimami yenyewe. Gari lina magurudumu manne, na dereva akisinzia kidogo bado limesimama. Pikipiki inashikiliwa na mwili wa dereva, na kileo kinashambulia uwezo wa mwili kujishikilia. Ongeza abiria wawili na gunia.

Pili, barabara yetu ni ya udongo. Wakati wa mvua inateleza, wakati wa kiangazi vumbi linafunika macho, na usiku hakuna taa.

Tatu, na jambo hili wachache wanalifikiri: wengi wetu tumetoka Kongo, Burundi, Rwanda au Sudan Kusini, ambako watu wanaendesha upande wa kulia. Hapa Uganda tunaendesha upande wa kushoto. Kijana aliyejifunza pikipiki Bukavu au Uvira alilazimika kujifundisha upya. Mazoea ya zamani hayafi; yanashikiliwa na akili iliyo macho. Kileo kikifanya akili hiyo isinzie, na lori likatokea mbele ghafla, mkono unaweza kukimbilia upande uliozoea tangu utoto. Upande huo hapa ndio unaokutana na lori.

Tena tukumbuke ajali inamaanisha nini kwa mkimbizi. Vijana wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumlipa mwenyewe kila wiki. Pikipiki ikivunjika deni linabaki. Mguu ukivunjika shamba linabaki bila mtu, na ukoo ambao ungesaidia umetawanyika katika nchi tatu.

7. Maneno tunayojidanganya nayo

"Nimekula vizuri kwanza." Chakula kinachelewesha kileo kuingia katika damu na kupunguza ukali wa kilele. Hakikiondoi.

"Nitakunywa kahawa, nitaoga maji ya baridi." Kahawa inaondoa usingizi na maji yanaamsha ngozi. Kazi ya kuondoa kileo ni ya ini, na ini haliharakishwi na kitu chochote. Linaondoa miligramu 15 hivi kwa saa, kwa wengine 10, kwa wengine 20. Bia moja inahitaji saa tatu hivi.

"Nilikunywa jana, leo ni siku mpya." Tuhesabu. Mtu wa kilo 65 akinywa bia nne kuanzia saa mbili usiku, amejaza yapata miligramu 180. Kwa 15 kila saa, anahitaji saa 12. Saa kumi na mbili asubuhi, anapowabeba watoto wa shule, bado ana 30 katika damu. Amelala, amenawa uso, amepiga mswaki, na bado amebeba kileo.

"Mimi nimezoea." Aliyezoea amejifunza kuficha. Haanguki, ulimi wake hauteleki, na kwa hiyo yeye na abiria wake wanadanganyika zaidi. Jambo la ghafla likitokea, mazoea hayamrudishii ile nusu sekunde.

"Ajali haina kinga." Ni kweli kwa ajali nyingi. Hii moja ina kinga.

8. Basi tufanye nini?

Kama kikombe cha kwanza kinaharibu mizani, basi uamuzi ufanyike kabla ya kikombe cha kwanza. Usiseme "nitakunywa kidogo halafu nione kama niko sawa." Hutaona. Amua mapema: leo ninaendesha, kwa hiyo leo sinywi. Au: leo nitakunywa, kwa hiyo pikipiki inalala hapa na mimi nitatembea au nitabebwa na asiyekunywa. Kanuni yetu iwe maneno mawili tu, ambayo hata mtoto anaweza kuyashika: anayebeba hanywi.

Ndugu waendesha boda boda, pangeni katika steji zenu kwamba aliyekunywa hapewi zamu mpaka kesho yake, na hachekwi wala hatozwi faini. Akiogopa kuchekwa ataficha.

Wenye sherehe, iwe ni harusi, mahari au matanga: tunajua desturi ya kumheshimu aliyeleta wageni kwa kumwekea kikombe. Heshima hiyo ibadilishwe. Dereva apewe chakula kwanza, apewe soda au uji au chai, na alipwe fedha yake yote kwa shilingi, wala asilipwe kwa pombe.

Mama na baba, mnayo haki ya kukataa. Ukisikia harufu, shuka. Sema kwa upole, "Mwanangu, leo nitatembea." Asipokuwako dereva mwingine na mgonjwa yuko hatarini, mwiteni mwenyekiti wa kijiji au mhudumu wa afya wa kijiji awatafutie mtu. Ni vizuri kila kijiji kijue mapema, kabla ya usiku kuingia, ni dereva gani hakunywa leo na anapatikana wapi.

Na vijana wanaopenda kumcheka anayekataa kikombe: kumbukeni kwamba huyo ndiye mtakayemwita saa nane za usiku mkeo anaposhikwa na uchungu. Mwacheni anywe soda yake kwa amani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kwa nini mtu aliyekunywa kidogo hawezi kujipima mwenyewe vizuri?

2. Pimeni kikombe kinachotumika katika kijiji chenu. Kinachukua mililita ngapi? Tukijua kinywaji kina asilimia 5 au 40, kikombe hicho ni sawa na bia ngapi?

3. Mtu wa kilo 65 amekunywa bia mbili jioni. Anahitaji saa ngapi hivi mpaka kileo kiishe?

4. Ni desturi gani katika sherehe zetu inayomlazimisha dereva kunywa? Nani ana mamlaka ya kuibadilisha?

5. Katika kijiji chenu, leo usiku mgonjwa akizidiwa, mtamwita nani? Andikeni jina lake na mlibandike mahali ambapo kila mtu ataliona.